Nani Kasema Marta Hakukua?

Homa Bay
20 Januari 1991

Kwako dada Kultum,

Assalamu alaykum. Huku sisi ni wazima. Joto la ziwa ndilo linalotuonea, na maji ya bomba yanakuja yakipenda. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umesimama, maana nakujua. Miguu inaendeleaje? Na Rispa bado anashona kwenye baraza la duka huku akigombana na cherehani yake? Nisalimie.

Mwaka huu nimepewa Fomu Tatu niwafundishe fasihi. Unajua riwaya waliyopangiwa ni ipi? Kitabu chetu! Kile cha Marta na Elina, mabinti wa mwenye kinu cha maji, kule kwenye nchi ya baridi. Nakala ni chache, wasichana wanagombania mpaka kurasa zinachanika. Kama nakala ya marehemu baba bado iko chini ya kaunta, mpe mtu yeyote anayekuja huku aniletee.

Ami Abdikarim alipita hapa wiki iliyopita. Anakusalimia. Anasema umekonda. Pumzika, dada. Duka halitakimbia.

Ni mimi mdogo wako,
Shamima

*

Migori
3 Februari 1991

Mwalimu Shamima,

Waalaykum salaam. Nimekaa, umefurahi? Nimekaa juu ya jora la kitambaa cha drili kwa sababu kiti amekikalia mke wa Werema, yule mteja wetu, anasubiri jua lipoe arudi kwao. Anakusalimia kwa Kikuria na mimi nimemjibu kwa niaba yako. Rispa mzima. Cherehani yake imeshinda kesi zote.

Kitabu anakuletea kijana wa duka la dawa. Jalada limetoka, nimelifunga kwa kipande cha kitambaa cha marekani. Kukitoa tu nikakuona wewe, wa darasa la pili, umekaa sakafuni nyuma ya kaunta unakula njugu, na mimi nakusomea wakati wateja hawapo, nageuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo na ninapokwama natunga. Elina alipopanda gari la farasi kwenda mjini kusoma, ulipiga makofi. Marta alipobaki na kinu ulilia, ukamwita mjinga. Nikakuambia ngoja uwe mkubwa. Sasa umekuwa mkubwa na unalipwa kwa hilo.

Jambo moja. Ami akitoka Kisumu hana njia inayompitisha Homa Bay isipokuwa amekusudia Homa Bay. Hapa kwangu hajakanyaga tangu hitima ya baba. Amejuaje kama nimekonda? Alikuja na neno gani? Usisahau kwamba baba hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo duka hili kwa sheria yetu lina mafungu matatu: langu, lako, na la Ami ndugu yake. Wawili mkielewana, mimi wa tatu nitabaki kupiga kelele tu. Nijibu hilo.

Dada yako,
Kultum

*

Homa Bay
20 Februari 1991

Dada Kultum,

Assalamu alaykum. Kitabu kimefika na kimenukia duka, nikakaa nacho mkononi kabla sijakifungua. Wasichana wamecheka hilo jalada la marekani, sasa wote wanataka la kwao.

Nikuulize wewe msomaji wa zamani. Mwongozo wa walimu unasema Elina anakua: anaanza kama msichana mwenye ndoto, anamalizia kama mwanamke anayejitambua. Lakini Marta, unasema, anabaki vilevile toka mwanzo mpaka mwisho. Nimewatungia swali la mtihani kuhusu hilo. Kusema kweli nakubaliana na mwongozo. Usinune, ni kitabu tu.

Wasichana wanaigeuza riwaya iwe mchezo wa kuigiza kwa ajili ya mashindano ya shule. Kinu tumekifanya duka la vitambaa ili watu wa huku waelewe. Nimechoka lakini nina furaha. Ya Ami tutaongea tukionana.

Wako,
Shamima

*

Migori
10 Machi 1991

Shamima,

Assalamu alaykum. Hiyo nimekupa kwa sababu dini inanilazimisha. Habari za nyumbani waulize wasichana wako, wamezijua zote.

Jana walikuwa hapa Migori, kwenye ukumbi ambao kutoka dukani naweza kusikia kengele yake. Mashindano ya wilaya nzima, na wewe hukuniambia! Rispa ndiye aliyenivuta: "Twende tuone watoto wa Shamima." Tukafunga mapema. Tukafika, hupo. Mwalimu mwenzako Ongeri akasema una malaria. Pole kama ni kweli.

Pazia likafunguliwa. Akatoka msichana amejifunga leso kifuani kama ninavyojifunga mimi, miwani inaning'inia kwa uzi, penseli imechomekwa chini ya mtandio. Akalipiga jora makofi mawili kabla ya kukata. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Rispa akanishika mkono: "Yawa! Kultum, si huyu ni wewe kabisa?" Watu wa mji huu ninaowauzia nguo ya kuolea na sanda ya kuzikia wakageuka kunitazama. Nikacheka nao. Mwanzoni nilicheka kweli, wallahi.

Kisha yule Marta wako akapima kitambaa, akabana pindo kwa kidole gumba ili ampunje mteja. Shamima! Baba alipima, kisha akaongeza vidole vinne vya baraka, na mimi sijawahi kukata bila kuongeza vidole vinne. Ulikuwa umekaa pale sakafuni unaona. Ni nani alikufundisha kuniandika mwizi?

Nikameza. Nikasema ni mchezo. Lakini mwisho ule sikuumeza. Ami wa mchezo anakuja na mnunuzi, Marta anatoa funguo, anatabasamu, na mdogo wake mwalimu anamshika bega: "Sasa utapumzika, dada. Duka halitakimbia." Makofi. Pazia.

Kitabu hakisemi hivyo. Nimekisoma mpaka jalada likatoka. Kitabuni wanunuzi wanakuja, ndugu wa baba yao amekaa katikati, na Marta haongei neno. Anatoka nje, anafungua maji, jiwe la kinu linaanza kuzunguka na hakuna anayemsikia mwenzake tena. Wewe ulikuwa unaniambia nirudie hapo. Sasa huo mwisho mwingine umeutoa wapi? Na hilo la duka halitakimbia nimelisoma kwa mwandiko wako, kwenye barua ya Januari, chini ya jina la Ami.

Mmeshaniuza. Mmekaa huko Homa Bay mkaniuza, halafu ukawapa watoto wa shule waje wanitangazie.

Na huo mwongozo wako nao nina hasira nao. Nani kasema Marta hakukua? Mwanzo wa kitabu hawezi kumtazama msagishaji usoni, sauti inamtetemeka, anamtuma Elina. Mwisho wa kitabu wanaume wazima wananyamaza akipita. Hilo si kukua? Au kwa kuwa hakupanda gari la farasi? Mtu akihama mnasema amekua, mtu akibaki mnasema ameganda. Mtihani wako ningeusahihisha mimi ungepata sifuri wewe mwenyewe.

Kultum

*

Homa Bay
19 Machi 1991

Dada,

Assalamu alaykum, na Ramadhani njema. Sijui kama utaisoma hii mpaka mwisho.

Sikuwa na malaria. Niliogopa uso wako. Nilijidanganya kwamba hungekwenda, kwa kuwa hufungi duka kwa lolote.

La kupunja walilizua wasichana kwa kuwa lilichekesha, na mimi nikaliacha. Naomba radhi kwa hilo, moja kwa moja, bila lakini.

Kwa mengine, mimi nami nina hasira. Tangu baba afariki umekuwa unasimama pale toka alfajiri mpaka magharibi. Miguu imevimba, Rispa ameniambia. Umelala juu ya kaunta, Rispa ameniambia. Mohammad wa Kisii alileta posa, mtu mzuri, ukamrudisha na hukusema kwa nini, si kwangu, si kwa yeyote. Kila nikikuuliza habari zako unanipa habari za mke wa Werema! Ulitaka nikae huku nikila mshahara, nikisubiri siku nitakayoitwa nije nikuoshe nikuvike sanda?

Ami aliponiuliza kama tuuze, nilisema ndiyo. Kwa mdomo tu, lakini nilisema. Nilifikiri nakutoa. Chumba chako hapa kwangu nimeshakipaka rangi, dirisha linatazama ziwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kumlilia Marta. Leo namtoa kinuni, unaniita muuzaji?

Shamima

*

Migori
28 Machi 1991

Shamima,

Waalaykum salaam. Nimeisoma mpaka mwisho. Mara ya kwanza niliitupa kwenye pipa la vipande, Rispa akaiokota akifikiri ni kiolezo cha gauni.

Ami alikuja Jumatatu baada ya alasiri. Hakubisha hodi. Alikuwa na bwana mmoja Zadock wa Ndhiwa, muuza mabati. Huyo Zadock akaanza kugonga ukuta kwa kidole kama anachagua tikiti maji. "Hii nitabomoa," akasema. "Misumari itakaa hapa, simiti pale kwa mama." Pale kwa mama ni mahali nilipokuwa nimesimama.

"Ami," nikasema, "huyu anabomoa nini?"

"Binti yangu, usione uchungu. Shamima ameshakubali. Tumetazama tukaona hii ndiyo heri."

"Heri ya nani?"

"Yako."

"Mbona mimi mwenyewe sikuulizwa?"

Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma. "Mtu akizoea mzigo hajui tena kwamba unamuumiza," akasema. Nikajua hapo fikra ya mchezo wako ilikotoka.

Nilitaka kulia, Shamima. Koo kavu kwa saumu. Wakati huohuo akaingia mke wa Werema. "Nataka ile nyekundu, ya harusi ya mtoto." Nikateremsha jora nikalitupa juu ya kaunta, likafunguka likaenda mpaka kifuani kwa Zadock. "Sogea bwana, unakanyaga mali." Akasema, "Mama, lakini sisi tunaongea." Nikamwambia, "Ongeeni. Mimi niko kazini." Mke wa Werema akanitazama, akamtazama Ami, akaelewa bila kuambiwa. "Hiyo sipendi. Teremsha ya kijani." Nikateremsha ya kijani. "Na ile ya maua." Tukafungua majora mpaka wanaume wale hawakuwa na pa kuweka mguu. Wakatoka barazani kumalizia mazungumzo, na Rispa naye akaanza kukanyaga cherehani bila kitambaa ndani, kwa nguvu zote. Ami akamwambia anyamazishe. Rispa akajibu, "Pole mzee, hii machine ikianza hainanga breki." Wakaondoka bila kuagana.

Sasa nisikilize. Ya Mohammad ni yangu, haimo kwenye mwongozo wako wala haitaingia. Miguu imevimba, ndiyo, nimekwenda hospitali, nimepewa dawa na nimenunua kiti cha pili. Hilo ungelijua kama ungeniuliza mimi badala ya Rispa.

Na kuna lingine hukuuliza. Siku za soko Ogwedhi nakwenda na mashuka, nakaa katikati ya ng'ombe na vumbi, nawauzia Wamaasai na Wakuria na Wajaluo, na wote nawajibu kwa lugha zao. Baba hakuwahi kufika Ogwedhi. Aliogopa. Mimi mara ya kwanza nilitapika njiani kwa hofu. Sasa nisipofika wanaulizana nimeugua nini. Nilikuwa nangoja uniulize, "Dada, una jipya gani?" Miaka miwili kila barua yako inaniuliza kama nimechoka.

Ndiyo yako uliitoa kwa mdomo. Nenda ukaitangue hukohuko kwa mdomo uleule. Usimwandikie. Mtazame machoni, kama nilivyomtazama mimi. Mpaka hapo sina barua nyingine ya kukuandikia.

Kultum

*

Homa Bay
30 Machi 1991

Dada Kultum,

Assalamu alaykum. Ongeri anakuja kwao Migori kwa Pasaka, anakuletea hii mkononi na amekubali kungoja jibu, hata kama ni tusi.

Nimesoma habari ya majora mara nyingi. Nimecheka, kisha nimelia mbele ya darasa, wasichana wakadhani nimefiwa. Nikawasomea mwisho wa kitabu wenyewe, ule wa maji na jiwe. Msichana anayeigiza Marta, Beverlyne, akasimama: "Mwalimu, kwa nini ulitubadilishia?"

Jumamosi ijayo tunashindana Kisumu, mkoa mzima. Ami anakaa hapohapo mjini, nitamwendea na nitamtazama. Lakini kabla ya hapo naomba kitu. Mara ya kwanza nilikuchukua bila ruhusa. Sasa naomba ruhusa: nimpe Marta mwisho wako, ule wa majora. Ukikataa, hatutaigiza.

Shamima

*

Migori
1 Aprili 1991

Kwa Shamima, kwa mkono wa Ongeri anayetafuna maandazi yangu mchana wa Ramadhani bila haya,

Waalaykum salaam. Ruhusa nimetoa. Masharti:

Huyo Beverlyne aongeze vidole vinne. Vinne, na mteja avione.

Leso aifunge vizuri, ile ilikuwa inateleza, mimi leso yangu haijawahi kuteleza. Nimempelekea gauni, Rispa ameshona. Ni pana mabegani maana mtu wa kuteremsha majora ana mabega.

Jora la mwisho nimetoa la kwangu, jekundu. Lirudi. Likirudi na doa nitajua.

Na mwambie asitabasamu mwishoni. Hakuna aliyemchekesha.

Kultum

*

Homa Bay
9 Aprili 1991

Dada Kultum,

Assalamu alaykum. Jora limerudi halina doa, Ongeri atakuletea.

Nilimwalika Ami ukumbini. Alikuja na kofia mpya, nikamkalisha mstari wa mbele. Beverlyne alipolitupa lile jora jekundu, lilipita jukwaa likatua magotini mwake. Watu wakapiga kelele. Nilidhani atainuka aondoke. Akalishika pindo, akalikunja taratibu, pindo juu ya pindo, kama mtu aliyekulia dukani, akamrudishia msichana. Ndipo nikakumbuka kwamba na yeye alikaa nyuma ya kaunta na baba.

Asubuhi yake nilikwenda kwake. Sauti ilinitetemeka, dada. Nilimtazama, lakini nilitetemeka. Nikasema, "Ami, nilikupa neno lisilokuwa langu. Fungu langu haliuzwi, na Kultum yuko palepale." Akasema, "Haya. Mkichoka msinililie." Kisha akaniuliza kama bado unaongeza vidole vinne. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Kaka alikuwa anatutia hasara kwa vile vidole," na macho yake yalikuwa mekundu. Zadock atatafuta ukuta mwingine wa kugonga.

Sasa sikia kilichoniudhi mpaka leo. Hatukushinda. Mwamuzi mkuu alisimama na miwani puani akasema mchezo wetu una uhai, ila mhusika mkuu habadiliki. "Anaanzia dukani, anaishia dukani. Hakui." Nikajikuta nimesimama juu ya kiti, ukumbi wote umenigeukia, nasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Nani kasema?" Mwalimu mkuu amenipa onyo. Wasichana wamenipa jina jipya nyuma ya mgongo wangu, nadhani ni Marta.

Mtihani nimeufuta. Nimewatungia swali lingine.

Shamima

*

Migori
20 Aprili 1991

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam, na Idi imepita bila wewe. Tulikula na Rispa na mke wa Werema, wao si Waislamu lakini pilau waliikubali. Ami alituma tende kwa basi, bila barua. Nimezila zote.

Huyo mwamuzi ningempata mimi! Hakui? Aje Ogwedhi siku ya soko. Nimkalishe juu ya vumbi na jora la mashuka, wateja wamzunguke kwa lugha tatu, ng'ombe ampitie mgongoni, halafu jioni tumuulize kama yeye ni yuleyule wa asubuhi. Hasira yangu kwake ni kubwa kuliko niliyokuwa nayo kwako. Wewe angalau ulipaka chumba. Hukuniambia rangi gani. Usikipangishe. Huenda nikaja likizo ya Agosti, kwa siku chache, kama mgeni, na duka nitamwachia Rispa.

Kwa sasa njoo wewe, shule zimefungwa. Idi hii nilikukatia kitambaa cha gauni, cha bluu, bila kufikiri, kwa vipimo vyako vilivyomo kichwani. Rispa akakitandaza, akanitazama. "Kultum, hii si ya mtoto?" Nikashika kitambaa nikaona ni kweli. Ni vipimo vya ulipokuwa unakwenda chuo. Miaka yote hii nakukatia nguo kwa vipimo vile, na wewe unazivaa zikikubana bila kusema neno.

Nimekirudisha kwenye rafu. Mkasi uko juu ya kaunta. Njoo upimwe.

Dada yako,
Kultum